Kumpakulia mtoto kutoka sufuria ya nyumba nzima

Mtoto wangu wa kwanza alipofikisha mwaka na miezi miwili, mizani ya siku ya kupima kilo ilikataa kusogea. Mwezi wa kwanza nikasema ni meno. Mwezi wa pili nikasema ni ile homa ya juzi. Mwezi wa tatu muuguzi hakuniuliza kama mtoto anakula. Aliniuliza, "Mama Amani, jana mchana alikula nini, na kwenye sahani ya nani?"

Nikajibu bila wasiwasi: bugali, yaani ugali wa mhogo, na maharagi, tulikula wote pamoja.

"Maharagi, au maji ya maharagi?"

Hapo nikanyamaza. Mtoto alikuwa anakaa mapajani mwangu, ninamega tonge, ninachovya kwenye mchuzi, ninamtia kinywani. Punje zenyewe zilikwenda kwa wajomba zake, ambao mikono yao ilifika bakulini kabla ya wangu. Ukimtazama, mtoto alikula mara tatu kwa siku. Ukihesabu vizuri, alikula mhogo na maji yenye rangi.

Sasa nina wa tatu, ana mwaka na miezi saba, na haya ndiyo tunayofanya nyumbani kwetu hapa Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, bila chakula cha kopo na bila kupika mara mbili. Nani ana makala (makaa) ya kupikia mara mbili? Sufuria inabaki moja. Kinachobadilika ni wakati wa kupakua, sehemu ya sufuria unayopakua, na vitu viwili vitatu vinavyoongezwa kwenye sahani yake. Maelezo haya ni ya mtoto aliyeshavuka mwaka. Ambaye hajafikisha miezi sita hahitaji kitu zaidi ya ziwa la mama, hata maji hahitaji.

Hatua ya 1: Mpe sahani yake

Nunua sahani ndogo ya plastiki yenye ukingo, ya rangi usiyoichanganya na nyingine. Ya kwetu ni ya manjano. Mtoto anayekula kwenye sinia la wote hushindana na watu wenye meno thelathini na mbili, na wewe huwezi kujua ameshinda kiasi gani. Akiwa na sahani yake, unaona kilichoingia na kilichobaki.

Pima mara moja kwa kikombe cha mililita 250, uone kinafika wapi kwenye sahani hiyo, halafu uendelee kwa macho. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili hula robo tatu ya kikombe hicho hadi kikombe kizima kwa mlo mmoja, milo mitatu au minne kwa siku, pamoja na kitu kidogo cha katikati mara moja au mbili: ndizi mbivu, kipande cha avoka, mashanza (maziwa ya mgando) kidogo. Ziwa linaendelea hadi miaka miwili na zaidi. Wanaosema maziwa ya mama baada ya mwaka ni maji tu wanakunyima chakula cha bure.

Kwa sababu tumbo lake ni dogo, kila kijiko kinatakiwa kibebe kitu. Ndiyo maana supu nyepesi humdanganya mama: tumbo limejaa, mtoto amelala, baada ya saa moja analia.

Hatua ya 2: Sokoni, tazama mwezi kabla ya kutazama mfuko

Nyama ikipatikana ni vizuri, lakini sijengi wiki yangu juu ya nyama. Naijenga juu ya sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, na maharagi.

Sambaza si mwenyeji wa ziwa hili. Alitolewa Ziwa Tanganyika akamwagwa Kivu mwaka 1959, wakati wa Wabelgiji, kwa kuwa ziwa letu lilikuwa na aina chache sana za samaki. Ni ndugu wa wale dagaa wa Kigoma. Wavuvi hutoka jioni na mitumbwi mitatu iliyoungwa kwa miti mirefu, wanawasha taa, na samaki wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, taa zao zinakosa nguvu, samaki wanakuwa wachache na bei inapanda. Kwa hiyo mimi huhesabu mwezi. Wiki za giza nanunua nyingi na kukausha. Wiki ya mwezi mpevu nakula akiba. Ukifika soko la Nyawera saa nne asubuhi wiki hiyo ya mwezi mpevu ukitaka sambaza wabichi kwa bei ya wiki iliyopita, mtagombana na mama wa beseni bila sababu.

Kagua jicho na tumbo. Sambaza mbichi mzuri anang'aa kama bati jipya na tumbo halijapasuka. Mkavu asiwe na unga mweupe wala harufu ya kuchoma pua.

Maharagi nanunua kwa kipimo cha kopo la Guigoz, lile lile la maziwa ya watoto wachanga, na kila nikilipa huwa nacheka: kopo limeondoka kwa watoto likahamia kwenye maharagi, na mtoto hajapata hasara. Angalia tu muuzaji asiwe amebonyeza kitako cha kopo kwa ndani.

Karanga ni nzuri, ila toa zote zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye doa la kijani. Sumu ya ukungu ule haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Zile mbovu usimpe hata kuku.

Chumvi iwe yenye madini joto, imefungwa kwenye pakiti. Kisiwa cha Idjwi, pale mbele yetu, kilichunguzwa miaka mingi na madaktari kwa ajili ya rovu, na mhogo usioandaliwa vizuri ulikuwa sehemu ya hadithi hiyo.

Hatua ya 3: Tengeneza unga wa sambaza, mara moja kwa wiki mbili

Ukiamua kufuata hatua moja tu ya mwongozo huu, fuata hii. Samaki mdogo huyu huliwa mzima, kichwa na mifupa, na humo ndimo kalsiamu ilimo, pamoja na protini, chuma na zinki. Lakini mtoto wa mwaka mmoja hawezi kumtafuna. Basi tunamsagia.

Mwaga sambaza wakavu kwenye ungo, uwapepete, halafu uchambue kwa vidole. Waliokaushiwa ufukweni huwa na mchanga, na mchanga hausagiki; utausikia kwenye meno ya mtoto, kama anayo. Waoshe haraka kwa maji safi, uwatandaze juani hadi wakauke tena kabisa. Siku ya mvua, na Bukavu haina uhaba wa siku hizo, ahirisha.

Weka sufuria tupu juu ya mbabula (jiko la makala) yenye makala yaliyopoa kidogo, mekundu lakini bila ndimi za moto. Usitie mafuta. Mwaga sambaza, geuza kwa mwiko bila kuacha. Mwanzoni utasikia harufu ya ziwa, kisha harufu ya samaki wa kuchoma, na sauti inabadilika: wanaanza kugongana kama maganda makavu. Chukua mmoja, mkunje. Akikunjika, bado. Akivunjika kwa mlio, ondoa sufuria. Mimi hutumia kama robo saa, ila usitazame saa, tazama samaki. Akiungua atakuwa mchungu na mtoto atamkataa kwa mwezi mzima.

Acha wapoe kiasi cha kushikika, twanga kwenye kinu kikavu, chekecha kwa chujio la chai lenye matundu madogo. Vipande vya mifupa vinavyobaki virudishe kinuni. Unga uwe laini kama ugoro, samahani kwa mfano huo, ila ndivyo shangazi yangu alivyonifundisha. Uweke kwenye chupa kavu yenye kifuniko, na kijiko cha kuchotea kiwe kikavu siku zote. Siku kijiko kibichi kikiingia, hesabu siku za chupa hiyo.

Kipimo chetu: kijiko kimoja cha chakula kwa sahani ya mtoto, mlo wa mchana na wa jioni. Anza na nusu kwa siku tatu nne, azoee ladha. Na uitie chakula kikiwa bado moto.

Hatua ya 4: Sufuria ya mchana, bitoke (ndizi za kupika) na maharagi

Nachukua chakula hiki kama mfano kwa sababu kila nyumba huku inakipika, na kwa sababu kinaonyesha vizuri wakati wa kupakua. Sisi tuko sita.

Usiku, loweka vikombe viwili vya maharagi. Asubuhi mwaga maji hayo, osha, bandika na maji mapya. Maharagi yaliyolowekwa yanaiva kwa makala machache zaidi, na tumbo la mtoto halijai hewa. Usitie chumvi sasa. Pika hadi punje ipondeke kati ya ulimi na kaakaa. Usijaribu kwa meno, mtoto hana yako.

Menya bitoke nane, kata vipande, tia humo. Ongeza kitunguu kimoja na nyanya tatu. Dakika ishirini na tano hivi, bitoke vimelainika. Lengalenga (mchicha) uliloosha kwa maji matatu na kukatakata linaingia mwisho, dakika tano zinatosha. Ukiliacha muda mrefu linageuka majani ya kahawia yasiyo na kitu.

Sasa simama. Kabla ya chumvi nyingi, kabla ya pilipili, kabla ya kile kiungo cha mchemraba ambacho watu wazima hawali bila hicho, chukua sahani ya manjano.

Teremsha upawa hadi chini. Usichote juu. Juu ni maji na povu, chini ndiko maharagi yalikolala. Toa vipande viwili vya kitoke, vijiko vitatu vilivyojaa vya maharagi, majani kiasi cha kujaza kiganja chake yeye, si chako. Ponda kwa uma au kwa mgongo wa kijiko. Ongeza kijiko cha unga wa sambaza na kijiko kidogo cha chai cha mafuta ya mawese. Kikiwa kizito mno, lainisha kwa mchuzi kijiko kimoja kimoja, wala usikimwagie.

Kuhusu mawese: wekundu wake ndio dawa. Rangi ile ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Wengi wetu tumefundishwa kuyachoma mawese hadi moshi utoke na yawe meupe ili "yasinuke". Ukifanya hivyo umebaki na mafuta tu. Ya mtoto yatie mekundu, yakiwa yamepata moto kidogo tu.

Akiwa na mwaka mmoja, ponda kabisa. Akikaribia mwaka na nusu, acha vibonge vidogo ajifunze kutafuna. Mtoto anayepondewa kila kitu hadi miaka miwili atakutemea wali kwenye harusi ya watu. Akifika miwili, kata tu vipande vidogo.

Baada ya hapo sufuria ni ya wakubwa. Tia chumvi, tia pilipili, mpambane.

Njia hiyo hiyo inafaa kwa viazi na njegere, kwa wali na mchuzi wa samaki, kwa mateke (magimbi), kwa viazi vitamu vile vyenye rangi ya karoti. Kila mara jiulize kama sahani ina kitu cha kushibisha, kitu cha kujenga mwili, majani au tunda, na mafuta kidogo. Kikikosekana kimoja, unga wa sambaza au avoka huziba pengo.

Yai nalo lisisahaulike. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita koko, aliposikia nampa mtoto yai alishika kiuno. "Binti yangu, mtoto anayekula mayai anakuwa mwizi." Nikamwambia, "Mama, kama ataiba, basi aibe akiwa na nguvu." Alicheka siku mbili. Siku hizi yeye ndiye anayemfichia yai la kuku wake wa pekee. Liive kabisa, kiini kisitiririke, ulipondee kwenye kitoke au kwenye uji.

Hatua ya 5: Sombe inataka subira

Mtoto wa Kivu atakula sombe upende usipende, kwa hiyo apikiwe vizuri. Majani ya mhogo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwanga na kuchemsha. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini peke yake: jani linapopondeka ndipo sumu inapofunguka na kuanza kutoka. Ukinunua iliyosagwa kwa mashine sokoni, sawa, ila osha chombo chake na uipike siku hiyo hiyo.

Bandika na maji mengi, sufuria ikiwa wazi. Kifuniko kinarudisha ndani kile unachotaka kitoke. Mimi huiacha ichemke saa nzima bila kifuniko, kisha ndipo kitunguu, mawese, karanga za kusaga au sambaza vinaingia, na inaendelea polepole hadi majani yayeyuke ulimini. Magadi huilainisha haraka, najua, lakini huua vitamini. Afadhali makala mawili zaidi.

Ya mtoto ipakuliwe baada ya karanga kuiva ndani yake.

Hatua ya 6: Bugali iwe tonge, isiwe mlima

Bugali ya mhogo mtupu hushibisha, haijengi. Changanya unga wa mhogo na wa mahindi, au wa sorgo (mtama). Na mhogo wenyewe uwe ulilowekwa siku tatu kamili kabla ya kuanikwa. Njaa na haraka ndizo zinazowafanya watu kuuanika baada ya siku moja. Kuna ugonjwa unaoitwa konzo, unaolemaza miguu ghafla, hasa ya watoto na ya akina mama. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 huko Kwango, magharibi mwa Kongo, na jina lenyewe kwa Kiyaka, lugha ya huko, maana yake ni miguu iliyofungwa. Unatokana na mhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha kwa watu wasiopata protini, na hata huku kwetu Kivu, kule Burhinyi, umeonekana.

Kwa mtoto, songa laini kuliko ya wakubwa. Mpakulie kwanza mboga nusu ya sahani, halafu bugali ndogo pembeni. Sisi wengi tunafanya kinyume: mlima wa bugali, mboga ya kupaka.

Hatua ya 7: Uji wa asubuhi ushike kijiko

Kwetu asubuhi ni sosoma: soja, sorgo na mahindi. Ukinunua uliosagwa tayari, uliza kama soja ilikaangwa. Soja mbichi inazuia tumbo kusaga protini, kwa hiyo ni lazima ikaangwe hadi maganda yapasuke kabla ya kupelekwa mashineni. Ukisaga mwenyewe, weka nafaka vipimo vitatu kwa kimoja cha soja.

Koroga unga kwa maji baridi kwanza, mimina kwenye maji yanayochemka, koroga dakika kumi na tano hadi ishirini. Kipimo cha uzito ni hiki: inua kijiko, kiinamishe. Uji ukitiririka kama chai, rudi ukaongeze unga. Ukishika kijiko na kudondoka kwa uzito, uko sawa. Maziwa, karanga za kusaga au yai la kuponda vinaingia mwisho. Sukari kidogo, ukipenda.

Usimpe chai pamoja na chakula. Majani ya chai hufunga chuma kisiingie mwilini, na mtoto wa umri huu anakihitaji sana chuma. Kikombe cha chai na mkate asubuhi ndicho kilichomzuia mtoto wangu wa kwanza kuongeza kilo, pamoja na yale maji ya maharagi. Nyanya, chungwa au marakuja pamoja na maharagi hufanya kinyume: husaidia chuma kuingia.

Hatua ya 8: Kaa chini

Nawa mikono, mnawishe na yeye, kwa sabuni na maji yanayomiminika kutoka kwenye jagi, si beseni moja la watu wote. Sisi tuko kando ya ziwa na kipindupindu tunakijua kwa jina. Maji yake ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Kisha kaa naye uso kwa uso. Mara nyingi anayemlisha kwetu ni yaya yake, dada yake mkubwa wa miaka tisa, na yaya ana haraka ya kwenda kucheza. Nilimkuta siku moja amemziba mtoto pua ili afungue kinywa. Sikumpiga, mimi mwenyewe nililishwa hivyo. Lakini mtoto anayezibwa pua huogopa sahani, na chakula kinaweza kuingia njia ya hewa. Tukakubaliana na yaya: kijiko kikifika mdomoni, subiri afungue mwenyewe. Akigeuza uso, pumzika, ongea naye, jaribu tena. Akigeuza mara tatu, amemaliza. Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha.

Mwachie na yeye kijiko chake. Atachafua. Tandika gunia.

Chakula kipya anaweza kukikataa mara nane, mara kumi, kisha siku moja akakila kana kwamba ni chake tangu kuzaliwa. Wangu alitema avoka kuanzia Pasaka hadi likizo kubwa.

Karanga nzima, mahindi ya kuchoma, pipi ngumu na vipande vya nyama ya kuvutana asipewe. Na asile huku anakimbia kwenye ngazi zetu hizi.

Hatua ya 9: Kilichobaki

Umeme unakuja na kuondoka, kwa hiyo nahesabu kama sina friji. Chakula kilichopondwa hakikai zaidi ya saa mbili. Kilichobaki kwenye sahani yake, ambacho mate yameshakigusa, kinaliwa na mimi au kuku. Akiba ya jioni natenga sufuriani kabla ya kupakua, nafunika, na kabla ya kumpa naichemsha tena hadi itoe mapovu, si kuipasha tu.

Hatua ya 10: Siku anapougua

Akiharisha, usifunge chakula. Endelea na ziwa na milo midogo ya mara kwa mara. Mpe maji ya pakiti ya chumvi za kunywa kutoka kituo cha afya, pamoja na zinki watakayokupa. Kama pakiti haipo usiku huo, maji lita moja yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo vya chai sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya usawa, si vya kilima. Ukizidisha chumvi ni hatari, kwa hiyo pima. Damu kwenye choo, macho yaliyozama, kutapika kila kitu au usingizi usioamshika: ondoka nyumbani usiku huo huo.

Utepe wa kupimia mkono, ambao wahudumu wa afya hupita nao, una rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, chini ya milimita 115 ni nyekundu, kati ya 115 na 125 ni njano, kuanzia hapo kwenda juu ni kijani. Waombe wakuonyeshe, usingoje wakuite. Na usidanganywe na uso wa mviringo. Wazee wa Bushi, nchi ya Washi, wanaijua bwaki: miguu inavimba, nywele zinakuwa nyekundu-nyekundu, mtoto ananuna na hataki kucheza, na majirani wanakusifu kwamba amenenepa. Bonyeza mguu wake juu ya unyayo kwa kidole gumba, hesabu hadi kumi, achilia. Kishimo kikibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke siku hiyo hiyo. Mzigo wa aina hiyo haurekebishwi jikoni.

Homa ikishapita, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili. Hamu hairudi yote mara moja, kwa hiyo anza na kile anachokipenda. Wa kwangu huanza na avoka iliyopondwa na unga wa sambaza, ile ile aliyoitema toka Pasaka.